Mama, Ungemwacha Yunia Shingo Wazi

Mama,

Leo sikuamkii. Najua mtoto haanzi kusema na mama yake bila kumwamkia, na kama ungekuwa hai ungenitazama kwa lile jicho lako la pembeni mpaka niinamishe kichwa. Lakini hasira niliyo nayo haina adabu, na nikianza na shikamoo itanibidi niwe mpole mpaka mwisho wa barua. Sitaki kuwa mpole.

Ningeweza kuja Bweranyange nikakwambia haya kaburini, pale kwenye migomba. Nimeona nisije. Tata, mumeo, siku hizi anashinda uwanjani akiota jua, angenisikia, na majirani wangesema Eudia wa Nyakatuntu amerukwa na akili, anagombana na maiti. Kwa hiyo nakuandikia. Ni wewe uliyeshikilia nipelekwe kwa mwinjilisti nikajifunze kusoma na kuandika. Sasa vuna ulichopanda.

Nianze na yaliyo mema, usije ukasema nimeyasahau. Nakumbuka baridi ya Juni na Julai, ukungu ukishuka kutoka vilimani mpaka mlangoni petu, nasi watoto tukigombania nafasi jikoni kama kuku. Wenzetu walifungwa shingoni vipande vya rubugo, kile kitambaa cha gome la mti, nacho kinakwaruza. Wewe hukutaka. Ulikuwa umejifunza kushona kwa mke wa mwinjilisti, na kila blanketi lililochakaa nyumbani kwetu liliishia mikononi mwako likawa kola za watoto. "Kikohozi kinaingilia shingoni," ulikuwa ukisema. "Mlango wake ni huo, ufungeni." Hakuna mtoto wako aliyekwenda kuteka maji asubuhi bila kola ya blanketi.

Na mimi ulinifundisha. Kwanza unavuta kitambaa huku na huku ujue upande upi unavutika na upi ni mgumu. Unaovutika ndio unaozunguka shingo, la sivyo kola haipiti kichwani. Unapima shingo ya mtu kwa uzi, unaongeza vidole viwili vya kupumulia. Unakunja kitambaa, unaunga ncha kwa mshono wa kurudi nyuma ili usifumuke, kisha unapinda kingo za juu na za chini. Upande wenye manyoya unakaa ndani, kwa sababu joto ni la mvaaji, si la watazamaji. Hayo ni maneno yako. Mara ya kwanza nilikata upande mgumu, kola ikamkwama mdogo wetu Elia masikioni, akalia ndani ya blanketi bila sisi kumwona uso. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Nilikupenda sana siku ile, Mama, na ninataka ujue kwamba ninayekugombeza ni mtu aliyekupenda.

Halafu likaja blanketi la dada yangu Yunia. La kijivu, lenye mistari miwili myekundu, nene kuliko yote tuliyowahi kuyashika. Baba wa mchumba wake Petro alilileta kutoka Isingiro siku ya mahari, pamoja na majembe na pombe ya rubisi na mengine yote, akalitenga peke yake na kusema, "Hili ni la mama, aliyembeba huyu binti mgongoni." Kwetu kila mama wa binti hupewa blanketi lake, na kila mama anajua maana yake. Binti akirudi kwao na kukataa ndoa, mahari nayo hurudi, na blanketi la mama hurudi likiwa zima. Ndiyo sababu hukulilalia. Ulilitundika kwenye kamba juu ya kitanda, na wanawake walipokuja kulipapasa uliwaambia wakanawe mikono kwanza.

Petro tulimsifu sote, nami nilikuwa mmojawapo. Alifanya kazi kwenye machimbo ya bati, alivaa viatu, aliwasalimu wazee akiwa ameinama mpaka kofia inagusa goti. Tulisema dada yangu amepata.

Yunia hakumaliza mwaka kwake. Alitufikia Jumamosi moja asubuhi, miguu imejaa matope, kwani aliondoka Isingiro jana yake na kulala kwa wasamaria njiani. Mimi ndiye niliyemfungulia. Alipovua kitenge alichojitanda, niliona alama za vidole shingoni mwake, huku na huku, zimeiva na kuwa nyeusi. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika. Aliweza kusema kwa shida, "Mama, safari hii nilidhani nakufa."

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo hasira yangu inapoanzia.

Hukulia. Hukumwita Tata, naye alikuwa akipalilia migomba kibanjani, tungeweza kumsikia akikohoa. Ulifunga mlango. Ulishusha lile blanketi kutoka kwenye kamba, nami nikadhani unataka kumfunika mwanao aliyetembea kwenye baridi. Ukachukua wembe.

"Mama, hilo ni la mahari," Yunia akasema.

"Kesho ni ibada," ukamjibu. "Watu watakuona."

Ulipima shingo yake kwa uzi. Alikunja uso uzi ulipogusa zile alama, ukamwambia pole, ukaendelea kupima. Ulikata kipande kipana kuliko kola zote ulizowahi kushona, kifike kidevuni, na nilikushikia taa mchana ule kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa na ndani kulikuwa giza. Mshono wako ulikuwa mzuri. Nasema kweli, sijaona tena mshono mzuri hivyo. Uliukata uzi kwa meno, ukamvisha, ukazungusha kola mpaka mahali pa kuungia pakakaa nyuma, ukarudi hatua moja na kutazama, kama unavyotazama uwanja uliokwisha kufagiwa. "Haya," ukasema. "Sasa wewe ni mtu mwenye kikohozi."

Nimewaza miaka yote hii kwa nini ulilikata lile. Yale makuukuu yalikuwa yamekwisha, hilo nalijua. Lakini kanga ulikuwa nayo. Kitenge chake mwenyewe kilikuwepo. Jibu ninalolipata ni moja tu na linanichoma: ulilikata kwa sababu haikukupitia akilini kwamba angeweza kubaki. Ulikuwa umekwisha kumrudisha kwa Petro kabla matope hayajakauka miguuni mwake.

Tata alipoingia na kuliona blanketi lina pengo, alishangaa. "Umelikata la mahari?"

"Binti yako ana koo," ukamwambia. "Baridi ya machimboni imemwingia. Ulitaka nimwache afe kwa sababu ya blanketi?"

Tata alimtazama Yunia usoni tu. Baba kwetu hachunguzi shingo ya binti aliyeolewa. Akanung'unika kidogo, akanawa mikono, akaomba ndizi zake. Na Yunia akanyamaza, kwa sababu wewe ulikuwa umekwisha kusema, na mtoto hamfanyi mama yake mwongo mbele ya baba.

Jumapili akaenda kanisani na kola yake. Wanawake walimpa pole ya kikohozi. Mmoja alimletea asali.

Baba yake Petro hakukawia kuja na wazee wa ukoo wao. Mliwatandikia, mkawapa kahawa ya kutafuna na rubisi, na Yunia akaitwa akaketi chini, karibu na wewe. Mzee wa upande wetu aliuliza kama desturi inavyotaka, "Binti ana neno la kumweka hapa kwao? Kama analo, na alionyeshe tulione." Aliuliza, Mama. Nilimsikia kwa masikio yangu. Aliuliza vizuri, bila ukali, na akangoja.

Yunia alikuwa ameinamisha uso, kwa sababu mkamwana hamtazami baba mkwe wake wala hajifunui mbele yake. Hilo tumelinyonya na maziwa. Hakuweza kuivua kola mwenyewe. Wewe ungeweza kuishusha kwa kidole kimoja. Ungemwomba radhi mzee yule, ungemgeuza binti yako kidogo, na kazi ingekuwa imekwisha. Badala yake ukacheka kile kicheko chako cha wageni na kusema, "Hana neno. Ni utoto tu, alitukumbuka. Na hiki kikohozi."

Hapo baba yake Petro akaitazama kola. Akautambua mstari mwekundu.

"Blanketi letu naliona," akasema. "Limekwisha kuvaliwa. Basi hakuna anayefikiria kulirudisha, na mimi nafurahi. Tumeelewana."

Wazee wakacheka. Wakaona ni dalili njema, watu wamekata blanketi kwa sababu ndoa imetulia. Mimi nilikuwa mlangoni, nikapiga kelele, "Mvueni hiyo kola mwone!" Uliinuka upesi kuliko nilivyowahi kukuona ukiinuka. Ulinifinya mkono hapa juu, ukanipa mtungi, ukaniambia maji yamekwisha. Mtungi ule ulikuwa umejaa, ulinimwagikia miguuni nilipoupokea, nawe ukaniangalia kana kwamba hujaona. Niliporudi kutoka mtoni walikuwa wamekwisha kuondoka naye. Nilimwona kwa mbali anashuka kilima nyuma ya wazee wale, kola shingoni, jua linawaka.

Ulikuwa ukipenda kutuambia kwamba mvumilivu hula mbivu. Nionyeshe mbivu alizokula Yunia. Mimba mbili zilizotoka? Jino la mbele? Kila Krismasi alipokuja kututembelea alikuwa na kitu shingoni, leo kanga, kesho kitambaa, na kila mara ulimwambia, "Umependeza." Siku moja, nikiwa mke wa mtu tayari, nilikuuliza kama huoni. Ulikuwa unamenya ndizi, hukunyanyua kichwa. "Eudia, nyumba za watu zina mambo yake," ukasema, "na wewe una yako ya kushughulikia." Methali nyingine unaijua vilevile kama mimi, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa nini ile hukuitumia?

Ulipokufa alikuja kukuzika. Alilia kuliko sisi sote. Mimi nililia kidogo kwa sababu nilikuwa namtazama yeye, amejifunga kitambaa kizito kwenye jua lile la mchana, na Petro yuko nyuma yake, amevua kofia kwa heshima zote.

Sasa nikwambie ya juzi, ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Yunia amekuja kwangu Nyakatuntu. Hakwenda Bweranyange, alisema pale hapajui tena. Alinikuta nakausha kahawa uwanjani, akakaa juu ya mkeka kando ya buni na kuniambia, "Mdogo wangu, nimechoka," kisha akalala palepale. Nilipomwamsha ale, niliona shingo yake. Sikukuandikia barua hii nikueleze nilichokiona. Ulikiona kabla yangu.

Mume wangu, Yoeli, ni mtu wa maneno machache, lakini alisema moja lililonitosha: "Hatoki hapa mpaka mwenyewe ataje anakokwenda." Tukatuma habari kwa wakubwa wa pande zote mbili, kama inavyopasa. Baba yake Petro akaja na watu wake. Amezeeka, anatembelea fimbo, lakini ulimi ni uleule. Petro hakuja, alisema ana kazi. Tata aliletwa na Elia kwa baiskeli, amekaa nyuma ameshika kofia yake, akakaribishwa kwenye kiti cha heshima.

Kabla hatujaanza, mama mkwe wangu alinifuata jikoni na shuka mkononi. Ni mwanamke mwema, hana ubaya. "Mfunike dada yako," akaniambia. "Baba mkwe wake yuko pale nje." Nililichukua shuka, nikalikunja, nikalikalia. Akanitazama kama mtu aliyeona jogoo anataga. Nikamwambia, "Mama, katika familia yetu tumekwisha kufunika vya kutosha."

Yunia aliketi shingo wazi. Aliinamisha uso kama desturi, na kwa jinsi alivyoinama hakuna aliyeona kitu bado. Baba yake Petro akaanza. Alisema kuhusu mahari, kuhusu blanketi ambalo sisi wenyewe tulilikata kwa wembe wetu, kuhusu wanawake wa siku hizi. Aliposema blanketi kwa mara ya pili, dada yangu, ambaye tangu aolewe hajawahi kumtazama mzee yule usoni, aliinua kichwa.

"Baba," akasema, "nisamehe. Niangalie."

Akageuza shingo upande mmoja, kisha mwingine, polepole, kama mtu anayeonyesha ndizi sokoni.

Kahawa iliacha kutafunwa. Yule mzee alitazama, Mama. Hakuweza kutotazama. Nilingoja aseme ni kawaida, aseme mke hupigwa, nilikuwa nimekwisha kuyapanga majibu yangu kinywani na mengine ni matusi. Hakusema. Alishika fimbo yake akainuka, akamwambia mdogo wake, "Twende zetu. Hapa hatuna cha kudai." Na wakaenda. Rubisi yao waliiacha kwenye kibuyu, haijafika nusu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, na vita haikuwapo. Ilichukua muda wa kutafuna buni chache tu. Nilibaki nimesimama na hasira nisiyojua niipeleke wapi, mpaka Tata alipofungua kinywa.

"Hii ilianza lini?" akamuuliza Yunia.

"Wakati wa kola, Tata."

Elia aliinama kumtazama Tata kama yuko salama. Kisha Tata akasema, na sauti yake sijawahi kuisikia hivyo, "Mama yenu aliniambia ni koo." Akarudia. "Aliniambia ni koo. Blanketi ningelilipa. Ningeuza nini sijui, lakini ningelilipa."

Nilimkasirikia na yeye pia, usidhani nimemwacha. Nilimwambia mbele ya watu kwamba mtu mwenye macho haambiwi, anatazama. Alikubali kwa kichwa. Ana haki ya kukubali, na mimi nina haki ya kukasirika. Lakini usiku na mchana tangu juzi ninakurudia wewe, kwa sababu sasa najua. Miaka yote nilikuwa nikijiambia kwamba hukuwa na la kufanya, kwamba wanaume wangemrudisha tu hata wangeona, kwamba ulimfunika kwa huruma kwa kuwa huruma ndiyo kitu pekee ulichokuwa nacho. Nilikuombea kwa Mungu kwa hoja hiyo. Kumbe walikuwa wanangoja kuonyeshwa. Mzee wetu aliuliza na akangoja, mumeo angelipa, na hata yule wa Isingiro, pamoja na ulimi wake wote, ana haya. Uliyemwogopa ni nani, Mama? Wanawake wa kanisani? Yule wa asali?

Sijui kama wewe nawe uliwahi kushonewa kola. Nimejiuliza. Kama ndivyo, nasikitika, ningetaka uniambie, lakini hasira yangu haipungui kwa hilo. Inazidi.

Nampikia Yunia ndizi na maharage, anakula kidogo kidogo. Mchana anakaa nami kwenye buni, anachagua mbovu na nzima, vidole vyake bado vyepesi. Baridi imeanza huku, na jana nilimuuliza kama nimshonee kitu cha shingo. Nilitamani ulimi wangu ungekatika. Alicheka, Mama, akacheka kweli, akasema atavumilia.

Leo asubuhi ameniona naandika, akaniuliza ninamwandikia nani. Nikamwambia ninakuandikia wewe.

"Unamwambia nini?"

"Ninamgombeza."

Akafikiri. Yeye hakukasirikii, na hilo nalo linanikasirisha. "Mgombeze tu," akasema. "Halafu mwambie nimefika."

Basi nakufikishia salamu zake kama alivyonituma. Yunia amefika, Mama. Hakufikia kwako.

Pumzika, kama unaweza. Siku hasira ikinitoka nitakuandikia nyingine, na hiyo nitaianza kwa adabu.

Ni mimi mwanao,
mdogo wake Yunia